Mkataba wa mkopo kwa Kiswahili: sawa, ila Kiswahili kipi?

Moshi mjini, tangazo la mkopo hubandikwa kwa Kiswahili kitupu: haraka, masharti nafuu. Ukishakubali, mkataba unaowekewa usaini unaweza kuwa wa Kiingereza mwanzo mwisho. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini, kwa hiyo wanaodai mikataba hiyo itafsiriwe wana pa kusimamia. Niko upande wao, ila si kwa wepesi wanaoudhani.

Wanaosita wana hoja. Neno dhamana tumelibebesha mengi: shamba la Kibosho unaloweka rehani ni dhamana, ahadi ya shemeji kulipa ukikwama ni dhamana, Serikali ikikopa kupitia minada ya Benki Kuu inauza dhamana, na polisi nako unatoka kwa dhamana. Kifungu kikisema "mkopaji atatoa dhamana", wakili wa upande wa pili ameshapata kazi. Wala si sisi tu. Bilioni ya Kiingereza cha leo ni milioni elfu moja, wakati billón ya Kihispania ni milioni mara milioni. Mfasiri akipitiwa, deni linakua mara elfu.

Hilo lina dawa. Andika "mali iliyowekwa rehani", andika "mdhamini", kesi imekwisha.

Kinachonitia shaka ni tafsiri iliyo sahihi na bado haimsaidii mtu. Chukua "riba bapa" na "riba ya salio linalopungua". Mama wa soko la Mbuyuni amekopa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi, na kila mwezi anapunguza laki moja ya deni. Kwa riba bapa atatoa 24,000 kila mwezi, hata mwezi wa mwisho anapodaiwa laki moja tu. Jumla ya riba: 288,000. Kwa salio linalopungua, anaanza na 24,000 na kumalizia na 2,000. Jumla: 156,000. Tofauti ya 132,000 imejificha kwenye Kiswahili fasaha kabisa. (Mikopo ya "kausha damu" ilipewa jina na wakopaji wenyewe, na hakuna aliyeuliza maana.)

Kwa hiyo ningeanza na ukurasa wa kwanza, kabla ya istilahi: jedwali la marejesho kwa shilingi, mwezi kwa mwezi, jumla ya riba chini yake, na tarehe ambayo rehani inaweza kuanza kuuzwa mkopaji akichelewa. Vifungu vya wanasheria vifuate nyuma.