Cheti cha Siku Tano Kisigeuke cha Miaka Miwili

Kigoma hatupungukiwi na migongo inayouma. Wanaoshusha magunia ya maharage na madumu ya mawese pale Kibirizi, akina mama wanaopandisha mihogo kichwani, wavuvi wa dagaa wanaokesha wakivuta nyavu: wengi wao wakifika makamo, mgongo au goti limeshaanza kudai. Sina ugomvi na mtu anayetafuta nafuu. Ugomvi wangu ni na mtindo wa kumpa tramadoli, dawa kali ya maumivu inayozoesha mwili, kumwongezea, kisha kumwacha aendelee nayo mwaka baada ya mwaka bila kuulizwa lolote.

Shemeji yangu aliandikiwa ya siku chache tu, baada ya kuteguka mgongo. Cheti cha daktari kikaisha, lakini duka moja la dawa likaendelea kumuuzia kwa kumjua sura. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Leo akikosa siku moja, jasho linamtoka, kamasi zinachuruzika, tumbo linamkata na usingizi haumjii. Vijana wa vijiweni wanaijua hali hiyo, wanaiita arosto, ila wanadhani ni ya wavuta unga peke yao. Tramadoli, kodeini, mofini na heroini ni ukoo mmoja, na zote hufanya kazi sehemu zilezile za ubongo. Mwili ukizizoea hudai zaidi, na kwa baadhi ya watu matumizi ya muda mrefu huwafanya wahisi maumivu makali kuliko mwanzo. Tramadoli ina lake pia: ikizidi huleta degedege. Ukiichanganya na pombe au diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, pumzi inaweza kupungua hadi ikakatika.

Na tunalipia hatari hiyo kwa faida gani? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti kwa miezi 12. Waliopewa dawa za ukoo huu, kama mofini na oksikodoni, hawakumudu shughuli zao vizuri kuliko walioanzishiwa parasetamoli na dawa za jamii ya ibuprofeni. Maumivu yao hata yalibaki juu kidogo, na madhara ya dawa yalikuwa mengi zaidi.

Wamarekani walijifunza kwa misiba. Barua fupi ya mwaka 1980 katika jarida la kitabibu, iliyohusu wagonjwa waliolazwa hospitalini, ilinukuliwa kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba uraibu wa dawa hizi ni nadra. OxyContin, ambayo ni oksikodoni yenye jina la biashara, ikaingia sokoni mwaka 1996, na mwaka 2007 kampuni iliyoitengeneza ilikiri mahakamani kuitangaza kwa udanganyifu. Mwaka 2017 pekee, dawa za ukoo huu, zikiwemo heroini na fentanili, zilihusika katika vifo zaidi ya 47,000 nchini humo. Sisi hatuna kisingizio cha kurudia somo ambalo wenzetu wameshalilipia.

Nisieleweke vibaya. Mgonjwa wa saratani aliyelala Kasulu au Kibondo anahitaji mofini, na kumnyima ni ukatili. Hata mwenye maumivu sugu, daktari anaweza kuona kuwa dawa hizi zinamfaa, mradi amweleze hatari zake, aanze na kipimo kidogo na amwite tena kumpima. Goti la miaka kumi, hata hivyo, lianze na mazoezi tiba, kupunguza mzigo, na dawa nyepesi zinazolingana na hali ya figo na tumbo la mgonjwa. Mwenye duka naye adai cheti kila mara, hata kama mteja ni jirani yake.

Kwa ambaye ameshazoea: ndugu yangu, usiache ghafla. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 kuhusu dawa hizi unashauri kwamba aliyetumia mwaka mmoja au zaidi apunguze taratibu, kama asilimia 10 kwa mwezi au polepole zaidi, akiwa mikononi mwa daktari. Nenda hospitali na pakiti zako zote, useme idadi ya kweli unayomeza kwa siku, na useme pia kama unakunywa pombe au kumeza diazepamu usiku, maana hilo ndilo litakaloamua hatua ya kwanza.