Marion Sims, fistula, na wanawake watatu waliolipa gharama

Jina la J. Marion Sims, daktari Mmarekani wa karne ya 19, likitajwa watu wanagawanyika hapohapo, wapo wanaomuita baba wa upasuaji wa magonjwa ya wanawake na wapo wanaosema alikua mtesaji basi. Mi naona wote wana hoja ila hazina uzito sawa.

Nianze na fistula yenyewe. Mama anakaa na uchungu siku mbili tatu, mtoto amekwama, kichwa kinagandamiza nyama za ndani mpaka zinakufa na kutoboka, na kuanzia hapo mkojo unamvuja usiku na mchana, anatengwa kwa ajili ya harufu. Huku kwetu tunaijua, pale hospitali ya CCBRT Dar wanaitibu bure. Miaka ya 1840 madaktari wengi walishakata tamaa nayo. Sims, akiwa Montgomery, Alabama, alikunja mpini wa kijiko apate kuona ndani, akaacha uzi wa hariri akashona kwa waya wa fedha, na 1849 tundu likaziba. Hiyo ni kazi kubwa, siwezi kuibeza.

Lakini alijifunzia kwa nani? Kwa wanawake watumwa. Majina yaliyobaki ni Anarcha, Betsey na Lucy, wengine hata majina hayakuandikwa. Lucy aliwekwa kwa magoti na mikono mbele ya madaktari kama 12, bila nusu kaputi, karibu saa nzima, halafu sponji aliyoachiwa ndani inyonye mkojo ikamletea sumu kwenye damu, Sims mwenyewe aliandika kwamba alidhani atakufa. Anarcha alipasuliwa mara kama 30. Thelathini jamani, na alikua binti tu.

Wanaomtetea wanasema etha, dawa ya nusu kaputi, ilionyeshwa Boston Oktoba 1846 wakati yeye alianza 1845, na kwamba hao kina mama walitaka kupona. Kutaka kupona nakubali kabisa, nani asingetaka? Ila aliendelea mpaka 1849 bila hiyo etha, na ridhaa aliipata kwa wenye watumwa, sasa mtu anayemilikiwa akikataa anaenda wapi? Na ile ya kusema bila yeye tusingepata tiba haisimami, manake John Mettauer wa Virginia alishafunga fistula kwa waya wa madini ya risasi 1838.

Kinachonigusa zaidi ni hiki, madaktari waliokua wanamsaidia walichoka wakaondoka, wakabaki wagonjwa wenyewe, wakafundishwa kumsaidia, yaani leo unamshika mwenzio mezani kesho unashikwa wewe. Kwa hiyo hao walikua wasaidizi wake wa upasuaji, na historia iliwaandika kama vifaa.

Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, Aprili 2018 na mi naunga mkono, ufundi haukuondoka nayo, spekulamu ya Sims, kile kifaa cha kutazamia ukeni, bado iko hospitalini na wala sidai ibadilishwe jina. Ila mwalimu anayeishika mbele ya wanafunzi awatajie na Anarcha, Betsey na Lucy, somo hilohilo, siku hiyohiyo.