Ugumu wa Kijapani uko kwenye maandishi

Ndugu mwandishi, uliposema Kijapani ni kigumu kuliko Kislovenia "kwa kila hali" umetuacha njiani. Kwenye maandishi sibishi. Kislovenia kina herufi 25, nyingi ni hizi hizi tulizozoea, wakati Mjapani anatarajiwa ajue kanji (alama zenye asili ya Kichina) 2,136 za orodha ya serikali, mbali na hiragana na katakana, mifumo miwili ya herufi za silabi.

Ila njoo kwenye sarufi. Kwa Kijapani "iku" ni naenda, unaenda, wanaenda, kitenzi hakitikisiki. Mslovenia anasema "grem" akiwa peke yake, "gremo" wakiwa wengi, na katikati kuna "greva", yaani twaenda sisi wawili tu. Ndiyo, wawili wana umbo lao! Sasa hesabu mbwa mwitu: en volk, dva volkova, trije volkovi, ukifika watano inageuka pet volkov. Na bado nomino hubadilika kwa kazi yake katika sentensi, hali 6 kwa jumla.

Kijapani nacho kina visa vyake kwenye kuhesabu, neno la hesabu hufuata aina ya kitu: penseli moja, mbili, tatu ni ippon, nihon, sanbon, karatasi moja, mbili ni ichimai, nimai. Sisi tuliokulia kwenye ngeli hatushtuki sana.

Halafu umeruka jambo tamu kuliko yote: toni. Pale Tokyo "hashi" ni vijiti vya kulia au ni daraja, inategemea sauti inaposhuka. Na Kislovenia kina toni pia katika baadhi ya lahaja, ya Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ikiwemo.