Mlowezi wa Dhahabu Juu ya Bunge la Oregon

Juu kabisa ya jengo la bunge la jimbo la Oregon, mjini Salem, Marekani, amesimama mwanamume wa shaba aliyevikwa dhahabu, kimo chake karibu mita 7. Ana shoka mkononi na turubai begani. Rasmi anaitwa mtangulizi. Kiswahili kingemwita mlowezi, na ugomvi wote, wa kama abaki au ashushwe, umo katika tofauti ya majina hayo mawili.

Wanaomtetea wana hoja. Sanamu haimtukuzi jenerali wala mfanyabiashara wa watumwa. Inakumbuka watu waliotembea zaidi ya kilomita 3,000 hadi Oregon, sambamba na magari ya kukokotwa na maksai, wakizika watoto njiani kwa kipindupindu. Mjukuu wao akijivunia miguu ile, simlaumu.

Ila shoka linanikera. Linadai palikuwa pori. Bonde la Willamette, ulipo mji wa Salem, lilikuwa la wenyeji wake wa asili, Wakalapuya, waliochoma nyasi zake kwa mpango na kuchimba mizizi ya mmea uitwao camas, chakula chao kikuu. Homa za miaka ya 1830 ziliwamaliza wengi. Waliosalia walitia saini mkataba mwaka 1855, wakahamishiwa Grand Ronde, eneo lililotengwa kwa ajili ya wenyeji. Kabla hata ya mkataba huo, sheria ya 1850 ilikuwa imeshamgawia mlowezi mzungu ekari 320, na 640 akiwa na mke.

Mtu mweusi je? Serikali ya muda ya walowezi ilimpiga marufuku kuishi huko mwaka 1844, na katiba waliyoipitisha kwa kura mwaka 1857 ikarudia katazo hilo. Lilifutwa 1926. Jengo lenye sanamu hii likakamilika 1938, miaka 12 tu baadaye. Kwa hiyo utetezi kwamba “hayo ni mambo ya kale” haunishiki.

Mwaka 2020 waandamanaji waliangusha sanamu mbili za walowezi katika Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene. Huyu wa Salem kamba haimfikii, na mimi nisingemshusha. Ningeanza na marumaru ya mlangoni, iliyochongwa maneno yanayosema mashujaa waliisukuma mipaka yetu hadi machweo ya jua. “Yetu” nani? Kibao kando yake, chenye ekari 320 na jina la Wakalapuya, kingetosha kwa kuanzia.

Hata hicho hakitapita kirahisi. Mwaka 2002 wananchi walipoulizwa kama maneno ya kibaguzi yaliyosalia katika katiba yaondolewe, yaliondolewa, lakini zaidi ya robo ya wapiga kura walisema hapana.