Naapa Sikuzivaa

Najua wengi wenu mmeshaisikia ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye makundi. Ile ambayo jamaa anacheka mpaka anapaliwa, anakohoa, halafu anaanza upya. Ni mwenzangu wa safari, mwenye pikipiki ya Boxer, na jina simtaji kwa sababu akitajwa ndiyo raha yake. Mie nakuja na yangu kabla mambo hayajavuka mpaka wa Horohoro. Mengi aliyosema ni kweli. Nilianguka, kweli. Mbele za watu, kweli. Stokingi zilikuwepo, kweli. Lakini sikuzivaa. Hapo kwenye kuvaa katia chumvi gunia zima.

Habari ya Chalbi nimewachosha nayo tangu mwaka jana, siirudii. Kwa wageni tu: ni jangwa la kaskazini mwa Kenya, Marsabit ukielekea Ziwa Turkana, ziwa la kale lililokauka likabaki sakafu ya chumvi na vumbi. Nataka kwenda huko na pikipiki yangu kuukuu, Yamaha DT. Sasa mtu hatoki Ngamiani ya Tanga akaibukia North Horr, huko Chalbi, hivi hivi, sharti aupime mzigo kwanza. Ndipo nikasema Jumamosi tufunge kila kitu, kamili kama wa jangwani, tuvuke Pangani, tushike njia ya Mkwaja, tulale Saadani, Jumapili tutokee Bagamoyo. Mchanga upo, tope lipo.

Jamaa alifika alfajiri na mfuko mbadala mmoja. Ndani yake spana ya plagi, plaizi, kipande cha tyubu, kandambili na chapati mbili. Nikamuuliza, vifaa viko wapi? Akauinua ule mfuko. "Hivi."

Mzigo wangu niliupima kwenye mizani ya mwenye duka la nafaka pale mtaani. Kilo 47. Pikipiki yenyewe ina kilo mia na kitu. Mwenye duka akaniuliza kwa upole kama nahama.

Na vitu vyenyewe wala si upuuzi, msinicheke mapema. Jangwani hakuna fundi chini ya mwembe. Nilikuwa na tyubu ya mbele ya inchi 21 na ya nyuma ya 18. Wajuzi wakitaka wepesi hubeba ile ya 21 peke yake, maana ukibanwa unaikunja kidogo inakaa na nyuma, lakini mie nikabeba zote na ya akiba juu. Vyuma vitatu vya kufungulia tairi, pampu, na kipimo cha upepo, kwa kuwa mchangani unapunguza upepo mpaka paundi 15 hivi ili tairi litanuke lisizame, ukifika pagumu unajaza tena. Viungo vya cheni, waya wa klachi, mikono ya klachi na breki ya akiba, kwani pikipiki ikilala hiyo ndiyo ya kwanza kukatika. Gundi ya chuma. Sepetu ya kukunja. Kioo cha kumulikia ndege inayotafuta waliopotea. Naam, Pangani, ndege. Na maji lita 12, katika pwani inayopata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na usiku huo ilikuwa imenyesha mpaka vyura wamechoka.

Na stokingi jozi tatu.

Hapa nisikilizeni vizuri. Vumbi la ziwa lililokauka ni laini kama unga wa sembe, linapenya kwenye chujio la hewa, likifika kwenye pistoni injini kwisha. Chujio la sponji linataka kuoshwa, kukaushwa na kupakwa oili, kazi ambayo huifanyi kila jioni katikati ya jangwa. Kwa hiyo watu wanalivika stokingi ya nailoni. Vumbi linanasa juu, unavua, unavika nyingine, unaendelea. Ni ujanja wa kweli, waulizeni wanaokwenda huko. Kasoro yake ni kwamba dukani niliona haya kununua, nikazitoa kwenye droo ya mama watoto bila kumwambia. Nilikusudia kuzirudisha.

Haya, kosa. Kanuni ya mzigo naijua: vizito chini na mbele, karibu na mapaja, kamwe visikae nyuma ya ekseli. Vikikaa huko vinainua gurudumu la mbele, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Naijua, nimewafundisha wengine. Lakini kisanduku cha spana niliona kikikaa juu ya keria, nyuma kabisa, pikipiki inapata umbo. Nikakifunga na mipira ya tyubu, nikapiga picha. Ninyi mkaipenda ile picha, watu 212. Kwa hiyo na ninyi mmo.

Tongoni tukapita. Kigombe tukapita. Usukani ulikuwa unanong'ona jambo, sikutaka kulisikia. Pangani tukapanda pantoni.

Pantoni ikagusa Bweni, ng'ambo ya mto, mlango wa chuma ukashushwa. Wa miguu wakatoka. Jamaa naye akatoka na Boxer yake, mkono mmoja usukani, mwingine chapati. Huko juu walisimama wanaosubiri kuvuka: kina mama na ndoo zao, watoto wa madrasa, bodaboda watatu, na mzee mmoja wa kanzu na bakora ambaye sikumtazama vizuri. Ningemtazama vizuri ningerudi Tanga kwa kuogelea.

Gia ya kwanza. Nikaachia klachi polepole. Gurudumu la mbele likapanda pale chuma kinapokutana na ardhi, na papo hapo nikasikia kisanduku kinanivuta shati kwa nyuma. Mbele pakawa pepesi. Gurudumu likainuka, si sana, kiasi cha mbuzi anayenusa majani ya juu. Nikafanya lile lisilofanywa: nikabana klachi. Pikipiki ikasimama katikati ya mpando, ikatafakari, ikaanza kurudi nyuma.

Wanaoendesha wanajua. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, nikaibana, lakini mbele hapakuwa na uzito, tairi likateleza tu kwenye tope. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, na mguu wa kulia ndio uleule niliouhitaji wa kushukia. Ukishika breki huna mguu. Ukishusha mguu huna breki. Nikachagua mguu. Nikaushusha.

Chini hapakuwepo.

Palikuwepo, ila mbali. Upande ule mpando umelika, pameshuka kama shubiri moja na nusu, na shubiri moja na nusu ukiwa na kilo 47 mgongoni mwa pikipiki ni sawa na kisima. Kidole gumba cha buti kikagusa tope. Kidole tu. Hapo, ndugu zangu, dunia ikapunguza mwendo. Nilipata muda wa kuona mtoto mmoja ameacha kutafuna ubuyu, mdomo mwekundu, wazi. Nilipata muda wa kusoma maandishi kwenye kanga ya mama mmoja mpaka mwisho. Nilipata muda wa kusikia "heee" ikianzia kwa mtu wa kwanza, ikapokewa na wa pili, ikafika kwa bodaboda ikiwa imeshakuwa kicheko. Na pikipiki bado inalala. Hailali kwa kishindo, inalala kwa adabu, kama mgeni aliyeaga mara tatu na sasa anaondoka kweli.

Puh.

Mipira ya tyubu ikaachia. Kisanduku kikafunguka mdomo. Spana zikaanza kushuka kwenye ule mlango wa chuma, moja moja, ti, ti, ti, kila moja ikasimama kidogo pembeni kama inayoniuliza, kisha ikaingia mtoni. Zote za saizi kubwa. Ndogo zilibaki, hazina shughuli.

Halafu upepo wa baharini.

Stokingi nilizifunga ndani ya mfuko mwepesi, mfuko ukapasuka. Jozi mbili zikaangukia tope na kunyamaza, nazishukuru. Ya tatu, nyeusi, ikapaa. Upepo ukaiingia ndani ikajaa, ikapata mapaja, ikapata mashavu ya miguu, ikawa miguu miwili kamili ya mwanamke asiye na juu, inapanda ule mwinuko kuelekea walipo kina mama. Ikapita ndoo za samaki. Watoto wa madrasa wakaipisha. Ikaenda kujisokota kwenye bakora ya yule mzee wa kanzu.

Mzee akaitazama bakora. Akanitazama mimi, niliyelala, goti langu la kulia liko chini ya tangi. Ndipo nikamjua. Mjomba wake mama watoto. Yule aliyeshika mkono siku ya kuniozesha.

Nikafanya lile ambalo malezi yalinituma. Nikiwa chini ya pikipiki nikasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimeanguka, mjomba."

"Pole." Akainua bakora kidogo, miguu myeusi ikacheza. "Na hii mwanangu, ni spea ya nini?"

Watu walikuwa kimya sasa. Hata pantoni nadhani walizima injini wasikie. "Ya kuchujia vumbi, mjomba."

Mjomba akatazama tope. Akatazama maji yanavyotiririka mtoni. Akatazama mbingu, mawingu yamejaa mpaka baharini. "Vumbi gani?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Nilianza kumweleza Chalbi, nikafika kwenye sponji na oili, mama mmoja akasema kwa sauti, "Jamani mtoeni kwanza, atamaliza akiwa ameketi." Bodaboda watatu wakaniinua. Mjomba akauliza swali la mwisho, taratibu, la kunimaliza: "Mwenyewe yuajua?" Nikakohoa. Akaikunja ile stokingi vizuri, kama mtu anayekunja bendera, akanikabidhi, akapanda pantoni. Hakugeuka.

Yaliyofuata ni haraka haraka. Mkono wa breki ulikuwa umekatika, nikaweka wa akiba, kwa hiyo mzigo si wote wa kuchekwa, andikeni hilo. Tukaenda kama kilomita sita, mwiba, pancha ya nyuma. Ninazo tyubu, vyuma, pampu, kipimo. Spana ya nati ya ekseli iko mto Pangani. Nikawa nimekaa kando ya njia na tyubu tatu kama muuza tyubu. Kijana akapita, akaazima spana nyumba ya jirani, akafungua tairi kwa mipini ya spana mbili, vyuma vyangu akavitazama tu, akaziba, shilingi 3,000. Mvua ikaja. Tukageuza. Sisi watu wa Tanga mnatusema waja leo waondoka leo, basi Bweni nami nimeifanyia hivyo hivyo. Maji lita 12 nilirudi nayo yote.

Wakati navuka kurudi, sauti ilikuwa tayari imefika nyumbani. Mama watoto alinipokea mlangoni, hakuuliza nimeumia wapi. Aliuliza, "Ile nyeusi iko wapi?" Mengine ni ya ndani.

Nilidhani yameishia hapo. Jana jioni simu, mjomba. Moyo ukanishuka. Salamu ndefu, watoto, mvua, bei ya nazi. Halafu akashusha sauti. Ana mashine yake ya kusaga kule Pangani, unga unaziba chujio la hewa kila siku, fundi anamla hela. "Zile zako za vumbi," akasema, "umebakisha?"

Sikuwa nimebakisha. Na yeye mtu mzima wa kanzu, dukani haendi kuulizia vitu vile. Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda mie, duka la nguo za kike, nimesubiri wateja watoke. Nikaagiza jozi sita, nyeusi, za nailoni nzito. Yule dada akazitoa, akanipimia kwa macho, akauliza shemeji anavaa saizi gani.

Nikamwambia si za shemeji. Ni za mjomba.