Mwacheni Binti Ashike Geji 12

Jumapili iliyopita, kwenye shamba moja upande wa Rongai, mzee mmoja alikuwa akigawa ushauri wa bure. Aliyepewa ni binti wa rafiki yangu, ndiyo kwanza ameanza mchezo wa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na tayari anaulizia bunduki ya kununua. Mzee akampima kwa macho kuanzia kichwani mpaka kwenye raba, akasema, "Wewe mwanangu, tafuta geji 20, nyepesi nyepesi. Hizi za wanaume zitakuvunja bega." Za wanaume alimaanisha geji 12; geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikipungua mtutu unapanuka. Waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa na chai mdomoni; nikameza, nikaheshimu mvi. Hapa siheshimu.

Anayeumiza bega si geji. Teke la bunduki linatokana na uzito wa marisau, vile vipunje vinavyotoka mtutuni, na kasi yake, na kinacholipunguza ni uzito wa bunduki yenyewe. Chukua gramu 24 za marisau, zipige kwa geji 12 ya kilo 3.6, halafu gramu 24 zile zile, kwa kasi ile ile, kwa geji 20 ya kilo 2.7. Ile nyepesi inakuchapa zaidi kwa takriban theluthi nzima. Hesabu hiyo haiulizi kama wewe ni mama au baba. Kwa hiyo tunamhurumia binti, kisha tunamkabidhi bunduki inayompiga zaidi. Huruma ya aina hiyo sijui ni ya nini.

Najua inakotoka. Wazee wetu walijifunza kwa kwale na kanga, na mtu anayepanda na kushuka vilima siku nzima ili afyatue mara chache ana haki ya kutaka bunduki nyepesi. Bega lake linachoshwa na kubeba. Mpiga visahani habebi kitu. Anasimama, anaita "pulu!", anapiga, anafungua mitutu anapumzika. Raundi moja ni visahani 25, na siku nzuri unapiga raundi nne. Hapo ndipo bunduki nyepesi inapokuonyesha cha mtema kuni, na kufikia raundi ya tatu binti ameanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Watu watasema hana kipaji.

Halafu kuna mwendo. Bunduki nzito ukishaianzisha kukifuata kisahani inaendelea kwenda. Nyepesi ukisita nayo inasita, marisau yanapita nyuma, na kisahani kinatua majanini kizima kabisa, kama kimekuja kutalii.

Na hili la "za wanaume" niliache? Mwaka 1992 kule Barcelona, wanawake na wanaume walishindana pamoja katika skiti ya Olimpiki, mojawapo ya mashindano ya visahani. Zhang Shan wa China alivunja visahani 200 kati ya 200 kabla ya fainali, akachukua dhahabu mbele ya wanaume wote. Olimpiki iliyofuata, 1996, skiti ikawa ya wanaume peke yao. Wanawake walirudishiwa mwaka 2000, safari hii kwa mashindano yao wenyewe. Kila mtu ajijazie sababu.

Kinachomkwaza binti mwembamba dukani mara nyingi ni kitako. Bunduki nyingi za kiwandani zimepimwa kwa mwanaume wa kimo cha kati. Kitako kirefu kinanasa kwenye sweta chini ya kwapa, na asubuhi za Njoro bila sweta haziendi. Mkono wa mbele unanyooka mpaka mwisho, mgongo unapinda kinyumenyume, halafu tunasema bunduki ni nzito! Mpe fundi akate mbao, aweke pedi ya mpira. Na kimo cha kitako nacho kina jaribio rahisi: bunduki tupu, umeifungua ukahakikisha mwenyewe, imeelekezwa pasipo na mtu. Fumba macho, ipandishe begani, shavu likae kwenye kitako, fumbua. Ukiona sehemu ya nyuma ya bunduki badala ya ule mstari wa juu ya mtutu, kitako kiko chini mno kwako. Ukiona mstari umeinuka kama barabara ya kupanda Mau Summit, kiko juu mno.

Haya, nakubali, japo shingo upande: mtoto wa miaka kumi na miwili atachoka kuinua kilo tatu na nusu kila kisahani, huyo mpe geji 20. Na bunduki inayojipakia kwa gesi inapunguza teke vizuri, hata kama mimi sipendi kuokota maganda. Kwa mtu mzima ningesema mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, inchi 30, na risasi za gramu 24 au hata 21 za kuanzia. Pampu, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi, iacheni kwa walinzi. Ile ya babu yenye mitutu iliyolala sambamba ni nzuri sana ukutani.

Jicho lipi linatawala, yaani lile ubongo unalolitegemea kulenga, pima kabla ya yote.

Na cheti cha silaha kitangulie pesa. Muuzaji akikuambia, "Lipa kwanza, mambo ya cheti tutapanga," mwage kwaheri, uende zako.