Gugumaji Tunalilisha Wenyewe

Kila magugu maji yanapofunga mwalo hapa Mwanza, picha huwa ni zilezile: vijana wamezama hadi kiunoni wakiwa na reki na mapanga, na viongozi wamesimama pakavu. Siwabezi vijana hao, kwa kuwa kazi yenyewe ni nzito na maji yale yana kichocho. Ninachokipinga ni imani kwamba gugu huisha kwa kung'olewa.

Mmea huu wa asili ya Amazoni ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ukiingia pia kwa Mto Kagera, na kufikia mwaka 1998 ulikuwa umefunika takribani hekta 20,000. Waliosaidia kuupunguza ni fukusi walioletwa kutoka kwao huko Amerika Kusini, ambao hutafuna majani huku mabuu yao yakitoboa bua. Hawakuumaliza, kwani mbegu zake hulala kwenye tope kwa miaka mingi.

Gugu letu lilizungushwa duniani kwa sababu ya maua yake ya zambarau, ambayo, nikiri, ni mazuri.

Mto Mirongo unapita katikati ya jiji ukibeba maji ya vyoo na takataka hadi ziwani, nayo mvua husomba mbolea na udongo wa mashambani. Kwa gugu, hicho ni chakula: likishiba hujizidisha maradufu kwa wiki mbili hivi. Chini ya zulia lake mwanga haupiti na oksijeni hupungua, hivyo sato huhama, wakabaki kambare na kamongo wanaoweza kuvuta hewa juu ya maji. Likifa, huzama na kuoza, na rutuba ileile hurudi majini. Ndiyo maana naona fedha za mfumo wa majitaka zihesabiwe kuwa fedha za kupambana na gugumaji.

Msimu uliopita nililikagua rundo lililoachwa hatua chache kutoka majini baada ya siku ya usafi. Juu lilikuwa limekauka, lakini nilipochimbua kwa mkono nilikuta mabua yaliyovimba yangali mabichi, na konokono wadogo kwenye mizizi myeusi. Wiki iliyofuata ilinyesha mvua kubwa, na nusu ya rundo ikawa inaelea tena, mabua mengine yakiwa bado na alama za panga.